WALIOTOKA NA WALIOBAKI



Kabla yetu, Nakivale ilipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya Novemba 1959. Walidhani watarudi baada ya miezi michache, lakini wengi walikaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1986 serikali ya Kigali ilitangaza kwamba nchi ni ndogo, haina nafasi ya kuwapokea wote. Tarehe 1 Oktoba 1990 vijana waliokulia uhamishoni Uganda wakavuka mpaka na RPF, wakiwa na bunduki. Mwezi huohuo, ndani ya Rwanda, maelfu ya watu walikamatwa na kufungwa kwa kudhaniwa kuwa washirika wao. Waliobaki walianza kulipa deni la waliotoka, na hakuna aliyewauliza kwanza.

Baada ya Julai 1994 wakimbizi wa zamani walirudi kwa mamia ya maelfu, wakakuta nchi ya maiti. Waliotoka Uganda walisema Kiingereza, wenyeji Kifaransa. Wakapeana majina: waliotoka Zaire wakaitwa "Dubai", na walionusurika ndani wakaitwa "Sopecya", jina la kituo cha petroli cha Kigali. Utani huo ulikuwa na miiba. Lakini lililoumiza zaidi ni swali ambalo manusura waliulizwa na ndugu zao wenyewe: "Wewe ulipona vipi?" Mtu aliyepoteza watoto wote, aanze tena kujitetea kwa kuwa hai!

Kisha yakaja mashamba. Mkataba wa Arusha wa 1993 ulipendekeza kwamba aliyetoka zaidi ya miaka 10 asidai shamba linalokaliwa na mwingine, bali serikali impe ardhi mahali pengine. Sisi tunaona palikuwa na busara, maana aliyelipata hakuwa mwizi kila mara. Alilima na kuzika wazazi wake palepale. Ila mzee aliyewasimulia watoto wake mipaka ya shamba lile, mti kwa mti, atawaambia nini? Huko Kibungo, mwaka 1996 na 1997, wengi waliambiwa wagawane.

Leo Kabazana ina Wakongomani, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda waliokuja baadaye. Wengi wetu tuna shamba au nyumba nyuma, na tunamjua anayekaa humo. Kamati inakusanya kumbukumbu hizo kwa toleo lijalo. Barua ya ndugu aliyebaki, hata kama inatulaumu, tutaipokea.