Garth 10, Zach 34: Nani Alitupa Chujio la Kantri?

Wasee, tuanze na hesabu kidogo. Mwaka 1991 Garth Brooks, kijana aliyelelewa Yukon, mji mdogo huko Oklahoma, aliachilia albamu inaitwa Ropin' the Wind. Nyimbo 10. Iliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati kuu ya albamu za Marekani, na hakuna albamu ya kantri ilikuwa imewahi kuanzia hapo. Mwaka 2022 kijana mwingine wa Oklahoma, Zach Bryan, aliyekulia Oologah, akaachilia American Heartbreak. Nyimbo 34. Manze, thelathini na nne! Hiyo ni kama saa mbili za kusikiliza. Hata jam ya Thika Road inaweza kuisha kabla yake.

Na Zach si mtu mdogo tena. Tarehe 27 Septemba 2025 aliimba kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mji wa Ann Arbor, mbele ya watu 112,408 walionunua tiketi. Ni rekodi ya Marekani. Jaza Kasarani yote, na bado wengi wao wangebaki nje kwenye geti.

Sasa mashabiki wamegawanyika. Wengine wanasema kadiri jina lake linavyokua, ndivyo mistari inavyopwaya. Wengine wanasema ni wivu tu, eti watu wa kantri humpenda mwimbaji akiwa maskini na hajulikani, akishafika juu wanamkataa. Mimi nimepitia historia ya huu muziki na naona pande zote mbili zinaangalia mahali pasipo. Umaarufu haujawahi kuharibu uandishi wa mtu. Kinachoharibu ni kukosa mtu wa kukuambia, "Hapa bado. Rudi ukafute."

Lakini kwanza tuelewane kwamba umaarufu na uandishi ni vitu viwili, na kila kimoja kina miguu yake. Ushahidi uko hapa hapa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis. Alikuta watu wanaimba kuhusu mtu anaitwa Chemirocha. Ukilisema hilo jina pole pole utalisikia: ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, likiwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika kijijini, na wasichana wakamtungia wimbo wao. Kwa maelezo ya Tracey, huyo Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu swara.

Fikiria hiyo kitu. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, na maneno yake ya Kiingereza cha kusini mwa Marekani ni wachache sana pale wangeyaelewa. Hakupendwa kwa mistari. Alipendwa kwa gitaa, na kwa ile sauti yake ya kuruka juu na kushuka ghafla kooni. Vivyo hivyo wazee wetu wengi wanaojua kila wimbo wa Jim Reeves na Kenny Rogers, sauti ndiyo iliwashika kwanza, maneno yakafuata.

Upande wa pili kuna Townes Van Zandt wa Texas. Huyu waandishi wenzake walimheshimu kama mwalimu, lakini miaka mingi alikuwa anaimba kwenye vilabu vidogo vidogo. Mwaka 1972 aliweka wimbo wa Pancho and Lefty kwenye albamu na Marekani haikugeuka hata kuangalia. Mwaka 1983, Willie Nelson na Merle Haggard wakauimba, ukafika namba moja kwenye chati ya kantri. Mistari ni ile ile. Kilichobadilika ni majina ya waimbaji.

Kwa hivyo msee akikuambia "jamaa anajaza uwanja, lazima anaandika vizuri," mwambie Chemirocha. Na akikuambia "akishakuwa maarufu basi ameisha," usimkubalie pia. Tuangalie nini hasa hutokea mwimbaji wa mtaani kwao akipanda haraka.

Turudi kwa Rodgers mwenyewe. Alikuwa mtu wa Meridian, amefanya kazi ya reli, na kifua kikuu kikamtoa kazini. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi mara ya kwanza huko Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, mbele ya Ralph Peer. Peer alikuwa mjanja wa biashara. Alitaka nyimbo mpya zenye mwenyewe, kwa sababu pesa yake ilikuwa kwenye haki za utunzi. Nyimbo za zamani za kila mtu hazikumfaa. Rodgers alipoanza kuuza, nyimbo mpya zikaanza kumwishia. Alifanya nini? Alimwita shemeji yake, Elsie McWilliams, dada ya mke wake, mwanamke aliyejua piano na aliyejua kupanga maneno. Waliandika nyimbo nyingi pamoja, na nyingine hata jina la Elsie halikuwekwa. Yule mwimbaji aliyefika hadi Kapkatet alikuwa na mtu mezani.

Halafu kuna Hank Williams wa Alabama. Watu humchukulia kama kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika. Lakini angalia. Mwaka 1946 alienda Nashville kwa kampuni ya nyimbo iliyoanzishwa na Roy Acuff na Fred Rose. Rose alikuwa mtunzi mzoefu, na nyimbo za Hank zilipitia mkononi mwake: hapa akikaza mstari, pale akibadilisha neno, pengine akisema huu wimbo haujaiva. Na hapa ndipo historia inachekesha. Wimbo uliomfanya Hank awe nyota mwaka 1949, Lovesick Blues, hakuuandika yeye. Ulikuwa wimbo wa miaka ya 1920, na Rose hakuupenda kabisa. Umaarufu ulikuja kwa wimbo wa watu wengine.

Kama umaarufu ungekuwa sumu ya uandishi, Hank angeishia hapo. Lakini nyimbo zake nyingi ambazo zinaheshimiwa zaidi zilikuja baada ya hapo, kati ya 1949 na kifo chake tarehe 1 Januari 1953, akiwa na miaka 29. Mwaka 1951 Tony Bennett, mwimbaji wa mjini asiyehusiana na kantri hata kidogo, alichukua Cold, Cold Heart na kuifikisha namba moja. Hank alikuwa maarufu, mlevi, mgonjwa wa mgongo, ndoa inavunjika, na bado anaandika vizuri. Kalamu ya Rose ilikuwa bado iko.

Sasa usidhani chujio lazima liwe bosi wa ofisi. Huko Oklahoma kulikuwa na nyumba moja ya shambani nje ya mji wa Stillwater, watu waliiita The Farm. Kwa miaka kama ishirini watunzi walikutana pale usiku, gitaa zinazunguka, kila mmoja anaimba alichoandika. Mtindo wa Red Dirt ulikulia kwenye vikao kama hivyo. Hebu wewe jiweke pale: umekaa kati ya waandishi kumi wakali, zamu yako imefika, na una ubeti mlegevu. Hakuna mtu atakutukana. Watanyamaza tu. Huo unyamavu utakurudisha kwenye daftari haraka kuliko komenti mia za mtandaoni.

Tyler Childers wa Kentucky naye alichujwa na baa. Kabla albamu yake ya Purgatory itoke mwaka 2017, baadhi ya nyimbo zake alikuwa ameziimba kwa miaka mbele ya watu wa kwao, watu ambao wanajua mgodi wa makaa ni nini na wangejua akidanganya. Akaingia studio na Sturgill Simpson, mwimbaji mwenzake wa Kentucky, kama mmoja wa maprodyuza. Ilitoka na nyimbo 10. Kumi tena, umeona?

Hapo utanipinga: "Lakini Nashville ya leo ina waandishi watano kwa wimbo mmoja, na bado wimbo ni ule ule wa pikapu na bia." Ni kweli. Cruise ya Florida Georgia Line, wimbo uliotawala chati ya kantri mwaka 2013, una majina matano ya watunzi. Kwangu mimi wingi wa watu sio chujio. Kamati huuliza kama wimbo utauza. Mtu kama Elsie au Rose anauliza, "Hapa unamaanisha nini?" Hayo ni maswali tofauti kabisa, na wimbo husikika ni lipi liliulizwa.

Ndio maana Zach Bryan alipokuja watu walimkumbatia. Alikuwa mwanajeshi wa majini. Mwaka 2019 alitoa DeAnn, albamu aliyoipa jina la mama yake marehemu, na video aliyorekodiwa kwa simu nje ya makao ya wanajeshi, jasho likimtoka, ikasambaa sana. Hakukuwa na kamati. Mtu, gitaa, na uchungu wake. Baada ya miaka ya nyimbo za pikapu, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Lakini mlango ule ule uliomfungia nje mtu wa kamati ulimfungia nje mtu wa kalamu pia. Alipata umaarufu wa nchi nzima bila kukaa miaka kwenye vikao kama vya The Farm. Albamu yake ya 2023 aliiprodyusi mwenyewe. Na ukisikiliza zile 34, utapata nyimbo kama kumi ambazo ningeziweka mbele ya kazi ya mtu yeyote wa kizazi chake. Utapata pia nyimbo ambazo zinarudia picha ile ile: barabara, pombe, msichana aliyeondoka, rafiki aliyekufa. Moja ingetosha. Tatu zinaanza kukuambia kwamba hakuna aliyekuwa anahesabu.

Ushahidi wangu mkubwa ni wake mwenyewe. Wimbo wake wa kwanza kufika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani, mwaka huo huo wa 2023, ni I Remember Everything. Aliuimba na Kacey Musgraves, na Kacey ameandikwa kama mtunzi mwenza. Ndani ya wimbo mtu wa pili anajibu. Anamkatiza yule mwanaume na kumbukumbu zake tamu, anampa upande ule mwingine. Mtu mmoja tu aliongezwa mezani, na wimbo ukapata mgongo.

Sitamlaumu Zach peke yake, kwa sababu mashine imebadilika. Santuri ya zamani ilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hivyo ubeti wa ziada ulikatwa hata kama unaupenda. Leo nafasi haina mwisho, na Spotify huhesabu umesikiliza wimbo ukifikisha sekunde 30. Nyimbo 34 ni nafasi 34 za kuhesabiwa. Kwa nini mtu akate kitu ambacho kinamlipa?

Na hapa ndipo hii hadithi inatuhusu sisi, hata kama hujawahi kuvaa kofia ya ng'ombe. Mimi natengeneza kontenti, na najua presha ya mtandao: ukikaa wiki bila kuweka kitu, unasahaulika. Vijana wengi Nairobi, Eldoret, Kisumu wanaandika nyimbo chumbani, wanarekodi kwa simu, na saa hiyo hiyo ziko hewani. Ni baraka. Hakuna mtu wa redio anakudai kitu kidogo ndio ngoma yako ichezwe. Lakini wale walinzi wa geti tuliowachoka waliondoka pamoja na mzee wa bendi, mwalimu wa kwaya, na yule kaka mkubwa wa studio aliyekuwa anasema, "Kijana, ubeti wa pili haujasema kitu."

Geti acha libaki wazi. Lakini huyo mtu wa kalamu itabidi tumtafute wenyewe sasa, maana mfumo hautatuletea tena. Anaweza kuwa shemeji, kama Elsie. Anaweza kuwa marafiki watano kwenye ngazi za ploti usiku, kila mtu na gitaa au simu yake. Sharti ni moja tu: awe mtu ambaye akinyamaza baada ya ubeti wako, unajua umesikia jibu. Kama una ngoma kumi na umepanga kuziachilia zote mwezi huu, mchezee yeye kwanza. Halafu ukubali zikibaki nne.