Tajiri Atoe Hela: Historia Fupi ya Ubishi Mrefu

Kidahwe ni njia panda. Ukitoka Kigoma mjini, hapo ndipo barabara inapogawanyika: moja inaelekea Kasulu, nyingine inashika Uvinza. Na kama ilivyo kwa njia panda zote za nchi hii, watu wanaosubiri gari au abiria hujaza muda kwa mpira. Kuanzia Yanga na Simba hadi Manchester United, ubishi unaanzia popote na kuishia pale pale: tajiri atoe hela. Kama timu imefungwa, tajiri amebana. Kama imeshinda, tajiri ametoa. Anayepinga huulizwa swali moja tu: "Wewe unajua bei ya mshambuliaji?"

Ubishi huu tunauchukulia kama wa juzi, uliokuja na kibanda umiza na ving'amuzi. Si kweli. Una historia, na historia hiyo inatuonyesha jambo ambalo kelele za kijiweni hulifunika. Miaka yote tumeuliza tajiri atoe kiasi gani. Mara chache sana tumeuliza atoe kwa ajili ya kitu gani, na siku akiondoka kitabaki nini.

Tuanze na neno lenyewe. "Mmiliki wa klabu" ni neno tulilolizoea kwa kutazama mpira wa Ulaya. Yanga, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, haikuwa na mmiliki. Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 baada ya wenzao kujitenga na kupitia majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, nayo haikuwa naye. Zilikuwa klabu za wanachama. Mtu alitoa ada, akapata kadi, akapata haki ya kupiga kura na, tuseme ukweli, haki ya kupiga kelele mkutanoni. Nani alikuwa anatoa hela? Wote, kidogo kidogo. Jengo la Yanga pale Jangwani, ambalo simulizi za klabu hulihusisha na msaada wa Mzee Abeid Amani Karume, lilikuwa zawadi ya mkubwa kwa klabu. Karume hakupewa hisa. Alitoa, na jengo likabaki la wanachama. Lipo hadi leo.

Nje ya Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti. Mikoani tajiri alikuwa shirika la umma. Mwanza walikuwa na Pamba, timu iliyobeba jina la zao lenyewe. Morogoro walikuwa na Reli, ya shirika la reli. Bukoba kulikuwa na RTC Kagera, ya kampuni ya biashara ya mkoa. Mchezaji aliajiriwa kama mfanyakazi na mshahara ukatoka ofisini. Hakuna aliyekaa kijiweni kujiuliza kama mkurugenzi ametoa cha kutosha, maana hela ilikuwa ya shirika, na shirika lilikuwa la serikali, yaani, kwa namna fulani, letu sote.

Mfumo huo ulitoa mpira mzuri mikoani kwa muda. Kisha ukaja ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Mashirika yakauzwa, yakavunjwa au yakadhoofika, na timu zikafuata. Ukiangalia waliobaki imara baada ya hapo utaona kitu: viwanda vya sukari vilivyoendelea kuuza sukari. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa mwaka 1999 na 2000. Somo la kwanza ni hilo: timu inayokula kutoka kwa mwenye mali huishi kadiri mwenye mali anavyoishi. Shirika likipiga chafya, timu inalazwa.

Hapo ndipo aliingia mfadhili. Hili ni neno zuri la Kiswahili, lina fadhila ndani yake. Mfadhili hutoa kwa mapenzi, na kwa sababu anatoa kwa mapenzi huwezi kumdai. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, na nyuma yake alikuwepo mfadhili Azim Dewji. Kisa chake wazee wa mpira wanakijua: aliwaahidi wachezaji magari kama wangetwaa kombe. Walitoka sare ya bila kufungana ugenini, nchi nzima ikaamini kazi imekwisha, kisha wakafungwa 2-0 Dar es Salaam. Watu hadi leo wanabishana kama ahadi ile iliwapa wachezaji nguvu au iliwaondolea usingizi. Mimi naona kitu kingine. Hela yote, na ndoto yote, ilikuwa imefungwa kwenye dakika tisini. Dakika zilipokwisha hapakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Sasa tuvuke ziwa. Kigoma mnaweza kulielewa hili kuliko sisi wengine, maana ng'ambo ya Tanganyika ni Kongo, na ukishuka kusini ndani ya Katanga unaikuta Lubumbashi. TP Mazembe ilianzishwa huko mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini. Baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, kwa hiyo suala la mwenye hela kuweka jina lake kifuani mwa timu si geni hata kidogo katika sehemu hii ya Afrika. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikaporomoka kwa miaka mingi. Mwaka 1997 Moïse Katumbi akawa rais wa klabu.

Katumbi alitoa hela, hilo halina ubishi. Alisajili, alilipa vizuri, akawachukua hata vijana wetu Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Lakini tazama alitoa kwa ajili ya nini kingine. Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake yenyewe, pale Kamalondo. Ubingwa wa Afrika ulirudi mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 Mazembe ikacheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan.

Mei 2016 Katumbi aliondoka Kongo kwa sababu za kisiasa na akaishi uhamishoni kwa miaka mitatu. Mazembe ikachukua Kombe la Shirikisho mwaka 2016. Ikalichukua tena mwaka 2017. Sisemi kwamba mkono wake ulikatika siku alipopanda ndege. Nasema kwamba klabu ilikuwa na mahali pa kuchezea, na utaratibu ambao haukuhitaji bwana mkubwa awe amekaa jukwaani kila Jumapili.

Karibu wakati ule ule, Dar es Salaam ilikuwa na kisa chake. Yusuf Manji alikuwa ameibeba Yanga kwa miaka, kwanza kama mfadhili, kisha kuanzia 2012 kama mwenyekiti. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2016/17. Agosti 2016 aliitisha mkutano na kuwaomba wanachama wamkodishe timu kwa miaka kumi: sehemu kubwa ya faida iwe yake, na hasara ibebwe na yeye. Wanachama walishangilia na kukubali. Mamlaka za michezo zikatia ngumu, ubishi ukawaka, na mpango ukafa. Mei 2017 Manji akajiuzulu.

Kilichofuata kila Mwanayanga anakikumbuka, na kila Mnyama alikitania. Bakuli. Mishahara ikawa tatizo, wachezaji wakaondoka, na kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akawa sura ya michango ya mashabiki kuiokoa timu. Klabu iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo ikawa inapitisha bakuli. Kutoka juu kabisa hadi kwenye bakuli hapakupita hata miaka miwili.

Weka visa hivi viwili kimoja kando ya kingine. Rais wa Mazembe aliondoka, timu ikatwaa vikombe viwili. Mwenyekiti wa Yanga aliondoka, timu ikachangisha. Wote wawili walikuwa matajiri, wote waliipenda timu, wote walitoa. Tofauti haikuwa kwenye ukubwa wa pochi. Upande mmoja sehemu ya hela ilikuwa imegeuka ukuta, nyasi na ofisi. Upande wa pili nyingi ilikuwa imegeuka mishahara ya wachezaji waliokuwa na miguu, na miguu hutembea.

Simba nayo ilijaribu njia nyingine. Desemba 2017 mkutano mkuu ulimtangaza Mohammed Dewji mshindi wa zabuni ya uwekezaji, kwa shilingi bilioni 20. Serikali ikasimamia msimamo kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Hapo lugha ilibadilika. Mo hakuitwa mfadhili tena, aliitwa mwekezaji. Na mwekezaji, tofauti na mfadhili, anadaiwa. Kwa hiyo mjadala ukawa mkali kuliko zamani: bilioni 20 ziko wapi, zimefanya nini, lini? Simba iliposhinda ligi mara nne mfululizo hadi 2021, maswali yalitulia. Yanga ya GSM ilipogeuza meza na kushinda ligi mara tatu mfululizo nayo, maswali yalirudi kwa sauti, hadi Juni 2024 Mo mwenyewe akarudi kuwa mwenyekiti wa bodi. Ukiisikiliza kelele ile, utaona mashabiki walikuwa na haki ya kuuliza. Ila tena swali lilikuwa kiasi. Wachache walihesabu viwanja vya mazoezi vya Bunju kama jibu. Wachache upande wa pili waliuliza kwa nini bingwa wa nchi anafanya mazoezi Avic Town, Kigamboni, mahali pasipo pa klabu.

Kuna atakayesema: mbona Azam wana kila kitu? Ni kweli. Azam ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikapanda ligi kuu 2008, ikajenga Chamazi, ikawa bingwa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Hapo kuna mmiliki halisi, na hela imegeuka ukuta kweli. Lakini hadi msimu wa 2024/25 ubingwa wa ligi ulikuwa bado ule mmoja, na mechi nyingi jukwaa linapwaya. Kwa hiyo ukuta peke yake hautoshi. Klabu inahitaji pia watu wanaoiita yetu, na watu hao hawasajiliwi dirisha dogo.

Na Ulaya, ambako tumeliazima neno mmiliki, wanajua kwamba mmiliki si lazima atoe. Familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005 kwa mikopo mikubwa, na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Shabiki wa United wa Kidahwe anayesema "tajiri aongeze hela" anasahau kwamba kuna tajiri ambaye timu ndiyo inamwongezea.

Sasa turudi mwisho wa reli. Mji huu umewapa wenzake wachezaji, Juma Kaseja akiwa mmoja wao, na umezipa klabu za Dar es Salaam mashabiki walio zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka zilipo. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na bao la Thadeo Lwanga likaamua. Hela yote ya soka letu ilishuka Kigoma kwa siku moja, kisha ikapanda ndege ikarudi.

Iliyobaki Kigoma ni Mashujaa. Haina tajiri. Ni timu ya jeshi. Desemba 2018, ikiwa madaraja ya chini, iliifuata Simba ya Mo Dar es Salaam ikaitoa kwenye Kombe la Shirikisho kwa mabao 3-2. Mwaka 2023 ikapanda ligi kuu. Aprili 2024 ikaitoa tena Simba kombe hilo hilo, safari hii nyumbani, kwa penalti. Usidanganyike kwamba hela haina maana: kwenye ligi ndefu ya michezo 30, wenye hela ndio wanaogombea ubingwa, na Mashujaa wanajua. Na historia ya Pamba na Reli inatuonya kwamba timu ya taasisi nayo inaning'inia kwenye uamuzi wa taasisi. Siku wakubwa wakiamua vingine, Kigoma haitaulizwa.

Ndiyo maana hili lina uzito kuliko utani wa jadi. Shabiki wa Kidahwe tayari ni mwekezaji. Anatoa nauli, anatoa bando, ananunua jezi, anatoa buku la kibanda umiza. Hiyo asilimia 51 inayozungumzwa mikutanoni imeandikwa kwa jina la watu kama yeye, lakini inahesabiwa tu kama ana kadi hai na mtu wa kumpigia kura. Asipokuwa nayo, anabaki kumwomba tajiri, na anayeomba hachagui.

Kwa hiyo tubishane, tena kwa sauti. Ila tajiri akitangaza bilioni nyingine, tusiishie kupiga makofi au kusema ni ndogo. Tumuulize inajenga nini, kwa jina la nani, na siku akichoka nani anashika ufunguo. Karume aliacha jengo. Manji, kwa mapenzi yake yote, aliacha vikombe kabatini na bakuli mlangoni.