Kadi Namba 16: Bibi Titi Mohamed na Miaka ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania

Kata ya Bulyaga, katika mji wetu wa Tukuyu, siku hizi inatajwa mbali kwa sababu ya binti aliyezaliwa hapa tarehe 23 Novemba 1976. Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge tarehe 1 Februari 2022, na tarehe 27 Oktoba 2023 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuchaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Wilaya yetu ya Rungwe ina haki ya kujivuna. Ila njia aliyopita ilifyekwa na wanawake ambao wengi wao hawakuwa na cheti cha darasa lolote, na chombo walichokiunda ni Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed.

TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, waasisi wake 17 walikuwa wanaume watupu. Mwaka uliofuata John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Wasomi wa chama hawakuwa tayari kuwatoa wake zao hadharani. Ndipo Schneider Plantan, mwanaharakati wa TANU, alipokwenda nyumbani kwa Boi Selemani, dereva wa teksi, kumwombea ruhusa mke wake. Boi akachukua kadi ya TANU namba 15, na mkewe Titi namba 16.

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Baba yake hakuipenda shule ya wakoloni, na binti aliozeshwa akiwa na miaka 14 kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Sifa aliyokuja nayo kwenye siasa ilikuwa sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mjini hapakuwa na mwanamke asiyemjua.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo siri ya taasisi yote ilipo. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam vilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake, na wanachama wa makabila mbalimbali waliozoea kuitana kwa harusi na kwa msiba. Habari ikitoka asubuhi Kariakoo, jioni imefika kila mtaa. Titi na wenzake, akiwemo Tatu binti Mzee, hawakuanza na mtu mmoja mmoja. Waliwaendea viongozi wa vikundi, nao wakaja na watu wao. Katika miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi. Wengi walikuwa wauza vitumbua, wauza samaki, wapika pombe, wenye vyumba vya kupangisha: watu wenye senti zao mkononi, ambao hawakuwa na kazi ya serikali ya kuogopa kuipoteza. Mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU. Muuza maandazi hakukatazwa na mtu.

Kabla ya hapo chama cha wanawake kilichotambulika nchini kilikuwa Baraza la Wanawake la Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1951 chini ya Lady Twining, mke wa gavana. Mafundisho yake yalihusu zaidi ushonaji, mapishi na malezi. Hayo ni mambo ya maana, lakini mwanamke alifundishwa kama mgeni katika nchi yake. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwezi Julai 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao wa Afrika nzima. Ndiyo maana tarehe 31 Julai huadhimishwa kama Siku ya Mwanamke wa Afrika. Mwaka huohuo UWT ikaundwa, ikarithi idara ya wanawake ya TANU na kumeza vyama vilivyotangulia, na Bibi Titi akakabidhiwa uenyekiti. Kisomo cha watu wazima, vituo vya kulelea watoto wadogo, maduka ya ushirika: hizo ndizo zilikuwa kazi za matawi.

Mambo yalimwendea vibaya Bibi Titi baadaye. Mwaka 1965 alishindwa kiti cha ubunge cha Rufiji. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, alipinga na kujiuzulu uongozi wa chama. Alikamatwa Oktoba 1969, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Mumewe alikuwa amemwacha. Kwa karibu miaka ishirini jina lake lilitoweka kwenye sherehe na kwenye risala, hata zile za umoja alioujenga mwenyewe. Naliona hilo kuwa doa kubwa katika historia ya UWT, na sioni sababu ya kulipaka chokaa.

Taasisi iliendelea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo UWT iliiunga mkono, iliwekea ndoa kumbukumbu za serikali, ikamnyima mume haki ya kumpiga mkewe, na kutaka mke wa kwanza aulizwe kabla ya ndoa kugeuzwa ya mitala. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15, kasoro iliyongoja hadi mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Katikati ya miaka ya 1970 mfanyakazi asiye na mume naye alipata likizo ya uzazi yenye malipo, na UWT ilikuwa mstari wa mbele kuidai. Sofia Kawawa, aliyekuwa mwenyekiti kwa muda mrefu, aliposema mwaka 1988 kwamba sheria za mitala zitazamwe upya, maandamano yalizuka Zanzibar na watu walipoteza maisha.

Yapo ya kulaumu pia. Kadiri miaka ilivyopita uongozi wa UWT uliwaegemea wake wa wakubwa na wanawake wa mjini wenye elimu, na mkulima wa chai au ndizi wa Rungwe aliitwa zaidi siku ya kupokea mgeni kuliko siku ya kuamua. Mwaka 1994 lilipoundwa baraza la wanawake lisilofungwa na chama chochote, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, serikali ililisimamisha baada ya miaka michache tu. Nchi ilipoteza nafasi nzuri pale.

Uhuru ulipotimiza miaka 30, mwaka 1991, jina la Titi lilirudi hadharani kama shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Tunayajua haya kwa sababu mtafiti Susan Geiger aliketi na wanawake wa TANU, akawauliza, akaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Lakini wengi aliowahoji walikuwa wa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Wa Tukuyu hawamo. Kama nyumbani kwako Bulyaga, au Masoko, Mwakaleli, Kiwira, yupo bibi aliyewahi kubeba kadi ya TANU au kuongoza tawi la UWT, keti naye wiki hii. Muulize nani alimwandikisha, mikutano ilifanyika wapi, nani alibaki na watoto. Andika majina, piga picha ya kadi yake, na nakala uipeleke kwenye shule iliyo jirani.