Nusumaisha si nusu ya maisha

Mwanafunzi anayekutana na neno nusumaisha kwa mara ya kwanza hupiga hesabu ambayo neno lenyewe limemwalika aipige. Akiambiwa nusumaisha ya kaboni-14 ni miaka 5,730, anazidisha mara mbili na kutangaza kwamba ikifika miaka 11,460 kaboni hiyo itakuwa imekwisha. Huwezi kumlaumu, maana aliyeishi nusu ya maisha yake amebakiza nusu nyingine tu. Kumbe ikifika miaka hiyo 11,460 robo nzima ya kaboni-14 ingali ipo, na hata zikipita nusumaisha kumi, yaani miaka 57,300, itasalia sehemu moja kati ya 1,024.

Kosa hilo lina uzito, kwa sababu istilahi hii ndiyo inayobeba karibu kila tarakimu kubwa tunayosomewa kuhusu historia ya dunia: miaka bilioni 4.54 ya sayari yenyewe, miaka bilioni 4.4 ya chembe za zirkoni zilizopatikana Jack Hills huko Australia, miaka milioni 3.66 ya nyayo za Laetoli.

Baadhi ya atomu hazina utulivu. Bila kuchokozwa na moto wala maji, hugeuka na kuwa atomu za elementi nyingine: urani huishia kuwa risasi, kaboni-14 huwa naitrojeni. Atomu hizo hazizeeki. Iliyodumu miaka bilioni haikaribii mwisho wake zaidi ya iliyoundwa jana. Chukulia watu 1,000 uwanjani, kila mmoja na sarafu mkononi. Filimbi ikilia wote wanarusha, na ambaye sarafu yake imeangukia upande wa kichwa anatoka. Watabaki kama 500, halafu kama 250, halafu kama 125. Hakuna anayeweza kutabiri fulani atatoka lini, na aliyevuka mizunguko mitano hana uchovu wowote wa kumtoa kwenye wa sita. Lakini anayehesabu waliobaki atakuambia filimbi imelia mara ngapi. Nusumaisha ni muda uliopo kati ya filimbi moja na inayofuata.

Muda, basi, na si maisha. Ernest Rutherford aliliona jambo hili Montreal, Kanada, akaliandika mwaka 1900: gesi inayotoka kwenye thoriamu ilipungua nguvu kwa nusu kila baada ya dakika moja hivi. Istilahi aliyoitumia baadaye ilikuwa na neno la kipindi ndani yake. Wenye Kiingereza wakalidondosha kwa kupenda ufupi, na sisi tukatafsiri kilichobaki. Tumerithi kilema ambacho hata hakikuwa chetu.

Sasa twende Olduvai, ambako neno hili lilifanya kazi kubwa. Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu ambalo mumewe Louis aliliita Zinjanthropus, kwa jina la kale la pwani yetu, Zinj. Louis alikisia kwamba lina miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley wakatoa jibu lililowashangaza wengi: miaka milioni 1.75. Vipimo vya karibuni vimeisogeza hadi kama milioni 1.84.

Hawakulipima fuvu. Walipima fuwele zilizomo katika jivu la volkeno. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu yote, kama atomu 117 kati ya milioni moja, ni potasiamu-40, ambayo nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25. Ikigeuka, nyingi huwa kalsiamu, na takriban 11 kati ya 100 huwa argoni. Argoni ni gesi isiyoungana na chochote, kwa hiyo mwamba ukiwa bado uji wa moto gesi hiyo hutoroka. Ukipoa, fuwele hufunga milango, na argoni inayozaliwa ndani tangu siku hiyo haina pa kutokea. Anayeipima leo anajua milango ilifungwa lini. Na ni kazi ya subira, kwa sababu katika miaka milioni 1.8 imegeuka takriban atomu moja tu kati ya kila 1,000 za potasiamu-40.

Kaboni-14 ingekuwa haina msaada pale. Baada ya miaka kama 50,000 kinachosalia ni kidogo mno kupimika. Inafaa kwa mkaa wa jikoni na mifupa ya wazee wetu wa karibu, lakini magazeti yetu huitaja kila panapozungumzwa visukuku, hata vya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Hilo ni kosa la kizembe.

Kwa kuwa kinachopimwa ni jivu, mtu akikosea kuchagua jivu anakosea kila kitu. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, wanajiolojia wawili Waingereza walipima tabaka la jivu liitwalo KBS. Sampuli za mwanzo zilitoa zaidi ya miaka milioni 200, kwa kuwa maji yalikuwa yamechanganya humo chembe za miamba ya kale, zikatupwa. Walipochagua fuwele upya walipata milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji wa kundi la Richard Leakey, akaona chini ya tabaka hilo vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470, na ghafla fuvu lenye ubongo mkubwa kiasi kile likaonekana kuwa la kale kupita kiasi. Waliobisha walikuja na nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa katika tabaka la miaka kama milioni mbili. Mabishano yalichukua miaka, hadi vipimo vipya vilipofikia takriban milioni 1.9 mnamo 1980. Nguruwe walikuwa sahihi; maabara ndiyo iliyorekebishwa.

Turudi kwenye neno. Wako wanaoandika nusu-uhai, na kwangu hilo ni baya zaidi, kwa sababu linaipa atomu roho. Muda wa nusu ungekuwa sahihi kuliko yote, lakini nusumaisha imekwisha kuzoeleka, na kulitoa sasa ni kuwachanganya wanafunzi mara mbili. Libaki. Upatanisho wake nao ufuate nusu, maana ndiyo kichwa cha neno: tuseme nusumaisha ndefu, si marefu. Maana yake kamusini iwe wazi kwamba ni muda ambao nusu ya atomu zilizopo, ziwe nyingi au chache, hugeuka.

Nanyi wahariri, mnapoandika kwamba fuvu fulani limepimwa na kukutwa na miaka milioni kadhaa, ulizeni kwanza kilichopimwa ni nini. Kama ni jivu, andikeni jivu, mtaje lilikuwa juu ya fuvu au chini yake, kwa sababu la juu linasema fuvu si changa kuliko hapo, na la chini linasema si kongwe zaidi ya hapo.