Desemba Yetu Ina Tarehe Ngapi?

Kila mwaka ifikapo Desemba, sisi wa Sanyuanli huwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja. Wafanyabiashara wanakimbizana na mizigo ya mwisho wa mwaka, na chama kinatafuta ukumbi, kinachangisha fedha na kugawa kazi za jikoni. Siku ya sherehe ikifika, husimama mtoto kusoma hotuba fupi, na mara nyingi huanza kwa kusema kwamba Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Sote tunapiga makofi.

Makofi hayo ni halali, lakini maneno yenyewe yanahitaji maelezo. Tarehe 9 Desemba 1961 hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanzania. Iliyopata uhuru siku hiyo ni Tanganyika. Zanzibar ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza, na jina Tanzania lilikuja rasmi tarehe 29 Oktoba 1964. Katika chama chetu wamo watu wa Tanga, Kigoma na Mbeya, na wamo watu wa Unguja na Pemba. Mtoto ambaye babu yake ni wa Chake Chake akiuliza siku yake ni ipi, anastahili jibu lililonyooka.

Sisi tuliosomea uuguzi ugenini tulifundishwa kwamba kabla ya dawa huja historia ya mgonjwa, na historia hiyo huandikwa yote. Likiachwa jambo moja kwa kuwa halipendezi, litarudi baadaye, tena usiku, wakati daktari hayupo. Tunadhani historia ya nchi nayo iandikwe hivyo hivyo. Basi tuwahesabie watoto wetu tarehe za Desemba, moja baada ya nyingine.

9 Desemba 1961: bendera

Usiku wa kuamkia tarehe 9, watu walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, ndiye aliyekuja kwa niaba ya Uingereza. Ilipofika saa sita ya usiku taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashuka gizani. Taa zilipowashwa, iliyokuwa juu ni bendera ya kijani, njano na nyeusi. Buluu mnayoiona leo katika bendera yetu haikuwemo. Ilikuja na Muungano. Watoto wakizitazama bendera hizo mbili pamoja, watajua bila kuambiwa kwamba kuna jambo lilitokea katikati.

Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa Mlima Kilimanjaro na Mwenge na bendera. Kilele ambacho Wajerumani walikipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm, kikaitwa Uhuru.

14 Desemba 1961: kiti

Siku tano baadaye Tanganyika ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa, ikawa mwanachama wa 104. Hii ni tarehe tunayoisahau, nayo ina uzito wake. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida la Uingereza. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza alikabidhiwa nchi hiyo aiangalie. Tarehe 13 Desemba 1946, Desemba tena, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa kuifanya nchi ya udhamini. Ndiyo maana mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini: alikwenda kwa mwenye dhamana. Toka mkataba ule hadi siku ya kupewa kiti ni miaka 15 na siku moja. Nchi iliyokuwa ikijadiliwa na wengine ikaanza kujisemea yenyewe.

9 Desemba 1962: Jamhuri

Kadi zetu za mwaliko huandikwa "Uhuru na Jamhuri", na wengi wetu hulisoma kama jambo moja. Ni mawili. Mwaka 1961 Tanganyika ilijitawala, lakini mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia wa Uingereza. Aliyemwakilisha kama Gavana Mkuu ni Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa kikoloni. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na Januari 1962 alijiuzulu ili akakijenge chama cha TANU, Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Novemba 1962 wananchi walipiga kura ya kumchagua rais, kati ya Nyerere na Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress. Nyerere alishinda kwa kura nyingi mno, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Kwa hiyo uhuru tulikabidhiwa mwaka 1961, na mkuu wa nchi wa kwetu wenyewe tukampata mwaka mmoja baadaye, siku ileile.

10 Desemba 1963: tarehe isiyopigiwa ngoma

Hapa ndipo wazee wetu hupunguza sauti. Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Mwingereza tarehe 10 Desemba 1963. Mkuu wa nchi alikuwa Sultani Jamshid bin Abdullah, na Waziri Mkuu alikuwa Mohamed Shamte Hamadi. Tarehe 16 Desemba Zanzibar na Kenya zilipokelewa Umoja wa Mataifa siku moja. Siku 33 baada ya uhuru huo, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ilipinduliwa, na Sheikh Abeid Amani Karume akawa rais. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili zikaungana.

Mzozo ulianzia wapi? Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoshirikiana vilipata viti 18, vikaunda serikali. Upande mmoja ulisema sheria imefuatwa. Upande wa pili ulisema wengi wameachwa nje, na kwamba uhuru wenye sultani si uhuru wao. Nyuma ya hesabu hiyo ya viti kulikuwa na mambo mazito ya ardhi, ya utumwa uliopita na ya nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. Baada ya Mapinduzi watu wengi waliuawa, na wengine walikimbilia Oman, Ghuba na Uingereza.

Serikali huadhimisha tarehe 12 Januari, wala hatukuja hapa kubishana nayo. Tunachosema ni kwamba katika ukumbi wetu mna familia ambazo Januari ile iliwapa ardhi na shule, na zimo familia ambazo Januari ile iliwatoa nyumbani. Zote zinakula sahani moja ya pilau tarehe 9 Desemba. Tukiwaambia watoto wao kwamba tarehe 10 Desemba 1963 haikuwapo, hatujawapatanisha. Tumewaachia tu kazi ya kuja kuvumbua peke yao, kwa hasira, jambo ambalo wangeweza kulisikia kwetu kwa upole.

12 Desemba: majirani

Siku mbili baada ya Zanzibar, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya nayo ilipata uhuru chini ya Mzee Jomo Kenyatta, na tarehe 12 Desemba 1964 ikawa Jamhuri. Kenya ilifuata mpangilio uleule wa Tanganyika: uhuru kwanza, jamhuri mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile. Ndugu zetu Wakenya wa hapa Guangzhou huita sikukuu yao Jamhuri, sisi huiita yetu Uhuru, na watoto wanaosoma pamoja hudhani ni mambo mawili tofauti.

Desemba na nchi tunayoishi

China nayo imo katika hesabu hii. Uhusiano wa kibalozi kati ya China na Tanganyika huhesabiwa tangu tarehe 9 Desemba 1961, siku ileile ya uhuru. Na Zanzibar ni tarehe 11 Desemba 1963, na Kenya tarehe 14 Desemba 1963. Sisi wa hospitalini tunaujua uhusiano huo kwa sura za watu. Madaktari wa Kichina walianza kufika Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, wakitoka jimbo la Shandong. Kwa miaka mingi mtu wa Pemba aliweza kupasuliwa na daktari wa Kichina bila kujua ametoka mji gani.

Hata mtaa wetu una historia ya kuwasimulia watoto. Mwishoni mwa Mei 1841, katika Vita vya Kasumba, wakulima wa Sanyuanli na vijiji vya jirani waliinuka dhidi ya askari wa Uingereza, mvua ikanyesha na kulowesha bunduki za askari hao. Hekalu la kale walikokusanyika liko palepale, na leo ni makumbusho. Bendera waliyoikabili ni ileile iliyoshushwa Dar es Salaam miaka 120 baadaye. Mtoto anayesoma habari za Maji Maji akiwa Sanyuanli hayuko ugenini kabisa.

Tena Desemba ya mji huu ina tarehe yake. Tarehe 11 Desemba 1927 wafanyakazi na askari waliasi na kuuteka mji wa Guangzhou. Baada ya siku tatu walishindwa, na waliouawa ni wengi mno. Ukitoka Sanyuanli kwa metro namba 2, ukabadilisha Gongyuanqian na kupanda namba 1, utafika kituo cha Martyrs' Park, bustani iliyojengwa kwa kumbukumbu yao. Jambo lililodumu siku tatu limetengewa bustani nzima katikati ya mji. Siku 33 za Zanzibar hazikosi kutoshea ukurasa mmoja wa gazeti letu.

Uhuru wa kufanya nini?

Mwalimu alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliacha madaktari 12 tu na wahandisi wawili. Ndiyo maana kila alipotaja uhuru alitaja na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa muuguzi hiyo ndiyo tafsiri ya karibu zaidi ya tarehe 9 Desemba. Wauguzi wa Kitanzania wa umri wetu ni watoto wa nchi ambayo ilibidi iwafundishe watu wake karibu kuanzia mwanzo.

Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliahirisha gwaride na kuagiza siku ya Uhuru itumike kufanya usafi, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Naye mwenyewe alifanya usafi karibu na Ikulu. Wapo walioona sherehe imepunguzwa. Sisi tunaojua kipindupindu kinavyommaliza mtu kwa saa chache, tuliona kwamba siku ile adui wa pili alitajwa kwa jina.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwaka huu, kabla ya wimbo wa taifa, watoto wasimame na kuzisoma tarehe hizi zote. Tumeziandika hapa ili mzikate na kuzibandika ukutani:

13 Desemba 1946: Tanganyika yawa nchi ya udhamini.
9 Desemba 1961: Uhuru wa Tanganyika.
14 Desemba 1961: Tanganyika yaingia Umoja wa Mataifa.
9 Desemba 1962: Jamhuri ya Tanganyika.
10 Desemba 1963: Uhuru wa Zanzibar.
12 Desemba 1963: Uhuru wa Kenya.
16 Desemba 1963: Zanzibar na Kenya zaingia Umoja wa Mataifa.
12 Desemba 1964: Jamhuri ya Kenya.

Mtoto wa Kigoma asome ya Zanzibar, na mtoto wa Pemba asome ya Tanganyika. Atakayeuliza swali ajibiwe, na mzee mwenye kumbukumbu yake apewe nafasi aisimulie bila kukatizwa. Pilau itasubiri.

Tunawatakia nyote heri ya Uhuru na heri ya Jamhuri, Bara na Visiwani.