Tathmini ya jengo likikaliwa

Jengo la ofisi likikamilika, mkandarasi hukabidhi funguo, utepe hukatwa, kisha huanza kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja, mafundi huitwa kuziba ufa ukutani, kurekebisha bomba linalovuja au mlango usiofunga. Karani aliyeketi upande wa magharibi, ambaye kuanzia saa tisa alasiri huegesha boksi dirishani ili jua lisimchome machoni, hana pa kuandikwa. Kioo chake ni kizima, na kwa mujibu wa mkataba hakuna kasoro.

Taaluma ya majengo inao uchunguzi unaoanza na karani huyo. Watu wakishahamia na kulizoea jengo, huulizwa kuhusu joto, hewa, mwanga, kelele, nafasi na afya zao, na kwa kawaida hutoa alama kati ya 1 na 7. Majibu yao huwekwa kando ya vipimo vya hewa na ankara za umeme. Waingereza huuita kwa maneno yenye maana ya tathmini ya baada ya ukaaji, na wapo wanaofasiri hivyohivyo. Siikubali tafsiri hiyo. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani watu wameshahama na wakaguzi wamekuja kuhesabu uharibifu. Kiswahili kina kiambishi -ki-, kinachobeba jambo likiwa bado linaendelea, kwa hiyo napendekeza tuseme *tathmini ya jengo likikaliwa*.

Anayetathmini naye anahitaji jina. Mpangaji ni mwenye mkataba wa pango: benki inaweza kupanga ghorofa nzima, lakini benki haisikii joto. Mkazi hulala anapokaa. Mtumiaji ni neno pana mno, linamchukua hata mteja aliyeingia kulipa ankara na kuondoka. Mkaaji ndilo linalofaa, nalo linamjumuisha msafishaji anayefika alfajiri kabla viyoyozi havijawashwa, pamoja na mlinzi anayeshinda kwenye ukumbi wa vioo pale mapokezi. Hawa wawili husahaulika dodoso zinapogawiwa, na kusahaulika kwao huharibu matokeo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 chama cha wasanifu majengo wa Uingereza, RIBA, kiliweka katika mpango wake wa kazi hatua ya mwisho ya kurudi kwenye jengo na kujifunza. Baadaye hatua hiyo iliachwa, ikarejea kwa sura nyingine mwaka 2013. Katikati ya miaka hiyo, hoja ilisukumwa mbele na wagonjwa. Mwaka 1987 Sheena Wilson na Alan Hedge walichapisha utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 4,000 katika ofisi 46 za Uingereza, ambamo wengi walilalamikia kuumwa kichwa, macho makavu na uchovu uliopungua wakitoka kazini. Majengo yenye viyoyozi yalikuwa na malalamiko mengi kuliko yale yenye madirisha yanayofunguka, na makarani waliumia zaidi kuliko mameneja.

Kisha, kuanzia mwaka 1995, ukaja mradi wa PROBE wa akina Bill Bordass na Adrian Leaman, wa kutathmini majengo yakikaliwa. Ujasiri wake ulikuwa kuchapisha matokeo na majina ya majengo. Jengo la Elizabeth Fry katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, lilipata alama za juu sana kutoka kwa wakaaji wake. Halina kiyoyozi cha kawaida. Hewa hupitishwa ndani ya matundu ya sakafu nene za zege, ambazo hutunza joto na ubaridi. Nalo halikuwa zuri hivyo siku ya kwanza: wahusika waliendelea kulifuatilia na kurekebisha mitambo ya udhibiti baada ya watu kuhamia, na matumizi ya nishati ya kupasha joto yakashuka sana.

Dodoso la mradi wa PROBE lina kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha usamehevu. Alama ya starehe kwa jumla hugawanywa kwa wastani wa alama za joto, hewa, mwanga na kelele. Jibu likizidi 1, wakaaji wanalisamehe jengo kasoro zake. Mara nyingi husamehe pale wanapoweza kufanya jambo: kufungua dirisha, kuzima taa, kumwita fundi akaja siku hiyohiyo. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walionyesha, kwa takwimu za majengo 160 ya nchi mbalimbali, kwamba penye madirisha ya kufunguliwa watu huridhika na joto la viwango vingi zaidi kuliko penye viyoyozi vya jumla. Kwa Dar es Salaam na Mombasa, ambako vioo visivyofunguka vinapanda kila mwaka na pangaboi zinaondolewa darini, jambo hili linapaswa kuwa mezani mwa msanifu kabla ya kuchora.

Dodoso lisigawiwe mapema, wakati mapya bado yanapendeza. Wakaaji wapitishe kwanza joto la Februari, masika na kipupwe cha Julai. Kwa hesabu hiyo, zamu yao inafika pale kipindi cha matazamio kinapoisha, kabla mshauri elekezi hajatia saini ya mwisho.