Upendeleo wa kikoloni katika kamusi elezo huria

Mwelekeo wa makala za mtandaoni, zinazohaririwa na yeyote, kusimulia ukoloni kwa jicho la mtawala. Huanzia kwenye jina: mapigano ya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani katika Tanzania ya leo (1905–1907), Wikipedia ya Kiswahili inayaita vita, ya Kiingereza na ya Kijerumani zinayaita uasi, kana kwamba Wamatumbi walioyaanzisha walikuwa wamemwapia Kaisari wa Ujerumani utii. Mzizi mmoja ni kanuni ya kudai vyanzo vilivyochapishwa. Götzen, gavana Mjerumani wa wakati huo, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Lakini masimulizi ya wazee, waliyoyakusanya wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1968, yalibaki kwa sehemu kubwa katika nakala za taipureta. Hata idadi ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, hutofautiana kwa chanzo, kati ya 75,000 na 300,000.